UZI: Mtoto wa darasa la pili – mambo ya kukagua nyumbani kabla hajafika la tatu (wazazi wa Tanga karibuni)

Chaki_Nyeupe

Wazazi wa Tanga mjini na vitongoji vyake, habari zenu. Uzi huu ni wa wenye watoto wa darasa la pili au wanaoingia la pili Januari. Nazungumzia zaidi shule zinazofundisha kwa Kiswahili, ziwe za serikali au za binafsi. Wanaojua hesabu, afya na mambo ya kamati za shule waje waongezee, mimi nitabaki kwenye kusoma na kuandika.

Kwanza tuelewane kwa nini mwaka huu una uzito. Darasa la kwanza na la pili yamejengwa juu ya KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Tangu mtaala wa 2015 sehemu kubwa ya ratiba ya madarasa haya mawili ni stadi hizo tatu. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umeongeza Kiingereza kuanzia darasa la kwanza, lakini KKK imebaki kuwa ndiyo kazi kuu. Akivuka kwenda la tatu mambo yanabadilika ghafla. Anakutana na Sayansi, Jiografia, Historia ya Tanzania na Maadili, na vitabu hivyo vinachukulia kwamba kusoma anakujua. Hakuna tena mwalimu wa kukaa na "ba be bi bo bu". Na mwaka mmoja mbele yake upo upimaji wa kitaifa wa darasa la nne.

Wazazi wengi wanakagua daftari, wakiona tiki wanaridhika. Daftari linaweza kujaa tiki kwa kunakili ubaoni tu, na anayenakili vizuri si lazima awe anasoma. Wengine wamekariri kitabu kizima kwa kusikia darasa likikisoma kwa pamoja. Ukimwambia asome anatiririka, kumbe kidole kiko mstari mwingine kabisa. Kumjua ni rahisi: ziba picha kwa mkono, mwanzishe katikati ya ukurasa, halafu mwambie asome mstari mmoja kuanzia neno la mwisho kurudi la kwanza. Aliyekariri atanyamaza hapohapo.

Sasa mpime kwa dakika moja. Tumia habari ambayo hajapata kuiona. Hii hapa ina maneno 50 kamili, inakili kwa maandishi makubwa yanayosomeka:

*Asha na bibi walikwenda soko la Mgandini asubuhi. Bibi alinunua nazi mbili, ndimu tano na fungu la mchicha. Asha alibeba kikapu kidogo. Walipofika njiani mvua ikaanza kunyesha. Walijibanza chini ya mkungu mkubwa wakisubiri. Ng'ombe mmoja naye alikuja kusimama karibu nao. Asha aliogopa akamshika bibi mkono. Bibi alicheka, akampa ng'ombe mchicha.*

Weka saa ya simu dakika moja, asome kwa sauti. Usimsaidie wala usimkemee. Akikwama kwenye neno kwa sekunde tatu hivi, mwambie "endelea na linalofuata". Wewe uwe na nakala yako, kila neno alilokosea au kuliruka lipige mstari. Dakika ikiisha weka alama pale alipofika. Maneno aliyofikia, toa aliyokosea, hiyo ndiyo kasi yake. Kipimo kilichowekwa hapa nchini kwa mtoto wa darasa la pili ni maneno 50 sahihi kwa dakika.

Usiishie hapo. Mwache amalizie habari, funika karatasi, kisha muulize: bibi alinunua ndimu ngapi? Kwa nini walijibanza chini ya mti? Nani alikuja kusimama karibu nao? Asha alipoogopa alifanya nini? Kwa nini bibi alicheka? Jibu la swali la mwisho halikuandikwa popote, lazima alitafute kichwani. Apate angalau manne kati ya matano. Kiswahili chetu kinaandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto anaweza kutamka kila silabi sawasawa bila kuambulia maana hata moja. Asiyejibu maswali bado hajasoma, hata kasi yake ikiwa 70.

MamaTwaha

Asante sana mwalimu. Je, mtoto akipata maneno 20 au 22, na kila akikutana na *mw*, *nd* au *ng'* anakwama, mzazi aanzie wapi? Arudishwe kwenye a e i o u?

Chaki_Nyeupe

Hapana dada, usimrudishe huko kama herufi anazijua. Utamchosha na atajiona mjinga bure.

Nitakupa mgawanyo ninaouamini. Chini ya maneno kumi, shida iko kwenye herufi zenyewe. Hapo ndipo unarudi mwanzo, tena kwa sauti ya herufi, si kwa jina lake. Ukimfundisha "be" na "a", akiunganisha anapata "bea". Mfundishe sauti ya *b* peke yake, midomo imefungwa kisha inaachia, aifuatishe na *a*, atapata *ba*. Kati ya kumi na thelathini, kama huyo unayemsema, karibu kila mara shida ni silabi zenye konsonanti zaidi ya moja. Kuanzia thelathini na kuendelea anachohitaji zaidi ni kusoma, kusoma na kusoma.

Silabi hizo usizimwage zote kwa wiki moja. Anza na zile ambazo herufi mbili zinatoa sauti moja: *ch, sh, ny, th, dh, gh, ng'*. Kisha zinazoanza na sauti ya puani: *mb, nd, nj, nz, ng*. Zifuate zenye *w*: *kwa, mwa, bwa, twa, pwa*. Mwisho kabisa zilizorundikana, kama kwenye *nywele, kupendwa, kufungwa, kuoshwa*. Kata kadi kwenye boksi tupu, kila kadi silabi moja. Kwa siku silabi tano zinatosha: tatu anazozijua, mbili mpya. Mpe kadi mbili au tatu azisogeze pamoja mpaka zitoe neno.

Kuna vitu viwili vinawasumbua sana watoto na wazazi hawavioni. Cha kwanza ni *m* inayosimama peke yake. Mtoto anasoma *mtu* kama "mutu", *mkate* kama "mukate". Mpigie makofi: m-tu, makofi mawili, m-ka-te, matatu. Halafu mwekee *mbuzi* na *mbunge*. Herufi za mwanzo ni zilezile, lakini mbuzi ni mbu-zi, mbunge ni m-bu-nge. Hapo hakuna kanuni ya kumpa, analijua kwa kulisikia neno mara nyingi, na ndiyo maana mtoto anayesimuliwa hadithi nyumbani anasoma haraka kuliko asiyesimuliwa.

Cha pili ni kile kialama cha *ng'*. Wanadhani ni pambo. Mwandikie *ngoma* na *ng'ombe*, *ngazi* na *ng'aa*, azitamke zikiwa jozi, kisha umsomee wewe yeye aonyeshe kwa kidole ni lipi.

Baada ya wiki mbili tatu mpime kwa maneno yasiyokuwepo: *lifo, zemu, ndopi, mbwelo, ng'ifu, chwapo*. Hajapata kuyasikia, kwa hiyo hawezi kuyabahatisha. Akiyasoma yote sita, silabi zimekaa. Akisoma "mbelo" badala ya *mbwelo*, unajua pa kurudi.

Vitabu vya kusoma si lazima ununue. Maktaba ya Mkoa ipo pale mjini, mpeleke Jumamosi achague mwenyewe. Kifupi chenye picha na sentensi tatu nne kila ukurasa kinamfaa kuliko kinene.

Ustadhi_Makorora

Asalaam aleikum waungwana. Nyongeza kuhusu watoto wetu wanaokwenda chuo, yaani madrasa ya Kurani, maana wazazi wengi wanalalamika kwamba muda hautoshi.

Mtoto akitoka shule mchana anakula, anapumzika, baada ya alasiri yuko chuoni mpaka karibu na magharibi. Ukimwekea kazi ya shule baada ya isha utakuwa unamsomesha mtu aliyelala. Kusoma kwake kuwe kabla ya kwenda chuo, dakika 15, au mara tu baada ya magharibi. Dakika 15 kila siku zinazaa kuliko saa mbili za Jumapili.

Kuna wanaohofia kwamba kusoma Kiarabu kutoka kulia kunamchanganya mtoto ndiyo maana anageuza *b* na *d*. Haina uhusiano. Hata mtoto asiyejua alifu wala be anazigeuza, na katika umri wa miaka saba ni jambo la kawaida. Kinyume chake, chuo kinamsaidia. Mtoto aliyezoea *tha, dhal* na *ghain* anazisikia tofauti za *th, dh* na *gh*, na kwenye imla hilo linaonekana. Asiyezisikia anaandika "zahabu", "feza", "gali", na *thamani* inakuwa *samani*, ambalo ni neno jingine kabisa. Nyumba ambazo mtoto ameanza kwa lugha ya kabila kabla ya Kiswahili, angalieni zaidi *l* na *r*. *Kalamu* na *karamu* zote ni maneno halali, mwalimu hawezi kujua kama kakosea herufi au kakusudia.

Imla ya nyumbani iwe fupi: maneno matano na sentensi moja, mara tatu kwa wiki. Sentensi itamke nzima mara moja, kisha kwa vipande, kila kipande mara mbili, kisha nzima tena. Usiitafune kwa silabi, ukisema "wa-li-kwe-nda" umeshamwandikia. Akimaliza mpe habari iliyoandikwa ajisahihishe mwenyewe kwa penseli ya rangi nyingine. Neno alilokosea aliandike mara tatu. Ile ya kuandika mara ishirini haimfundishi kitu, akifika mara ya sita mkono unakwenda wenyewe na akili iko nje.

Hesabu_Kwanza

Nimesubiri zamu yangu. Kwenye hesabu nawaomba wazazi kitu kimoja: msiangalie kosa tu, angalieni *namna* alivyokosea. Mtoto wa darasa la pili hakosei ovyo. Ana njia yake kichwani, anaifuata kwa uaminifu, na inampeleka pabaya kila mara kwa namna ileile.

Mwambie aandike "mia moja ishirini na nne". Wengi wataandika 100204. Anaandika anachokisikia: mia moja, ishirini, nne. Kumwambia "umekosea, ni 124" hakutibu. Kata vipande vitatu vya karatasi ngumu: kirefu kiandikwe 100, cha kati 20, kifupi 4, tarakimu zote ziwe na upana sawa. Viweke kimoja juu ya kingine, vilingane upande wa kulia. Ile 20 inafunika sufuri mbili za mia, ile 4 inafunika sufuri ya ishirini, anabaki anaona 124. Mfanyie hivyo na namba kumi tofauti, mwenyewe atasema "kumbe". Halafu nenda kwenye ngumu zaidi, mia tatu na tano. Atakuandikia 35 au 3005. Hapo mwonyeshe kwamba makumi hakuna, na mahali pasipo na kitu panalindwa na sufuri.

Kujumlisha, 47 + 36. Jibu la 713 maana yake amejumlisha mamoja akapata 13 akaiandika yote, kisha makumi akapata 7. Anajua kujumlisha, hajui kwamba kwenye nyumba ya mamoja hakulali zaidi ya tisa. Kumi ihamie kwenye makumi, ibaki 3. Makumi 4 na 3 na ile 1 ni 8. Jibu 83.

Kutoa ndiko kwenye balaa. 52 – 37, anakuletea 25. Ametoa 2 kwenye 7 kwa sababu kuna mtu, mara nyingi nyumbani, alimwambia "kila siku unatoa ndogo kwenye kubwa". Sentensi hiyo msiitumie kabisa, inawaharibu. Chukua vijiti au mirija, funga kumikumi kwa raba. Mwekee mafungu matano na vijiti viwili vya peke yake, mwambie akupe 37. Ataona viwili havitoshi kutoa saba. Mwache afungue fungu moja kwa mkono wake: sasa ana mafungu manne na vijiti kumi na viwili. Anatoa saba, vinabaki vitano. Anatoa mafungu matatu, linabaki moja. Kumi na tano. Ndipo, akiwa na vijiti mbele yake, unamwonyesha kukopa kunavyoandikwa kwenye daftari: 5 inakatwa inakuwa 4, 2 inakuwa 12. Akishafanya kwa mkono mara nyingi, daftari linafuata. Azoee kuhakiki mwenyewe: 15 + 37 lazima irudi 52.

Zenye sufuri katikati, kama 300 – 146, zinahitaji siku yake. Nyumba ya makumi haina cha kukopesha, kwa hiyo mia moja inavunjwa kuwa makumi 10, kisha kumi moja kati ya hizo inavunjwa kuwa mamoja 10. Inabaki 2 kwenye mamia, 9 kwenye makumi, 10 kwenye mamoja. Jibu 154.

Kabla ya yote hayo awe anazijua jozi za kumi bila kufikiri: 7 na 3, 6 na 4, 8 na 2. Weka visoda kumi mezani, afumbe macho, ficha kadhaa chini ya kikombe, aseme vingapi vimefichwa kwa kutazama vilivyobaki. Dakika tano kwa siku. Anayehesabu vidole kwa 8 + 2 atachoka kabla hajafika kwenye kukopa.

Kuzidisha msianze na wimbo wa "mbili mara moja mbili". Aone kwanza visahani vinne, kila kimoja vitumbua vitatu, ajumlishe 3 + 3 + 3 + 3, ndipo umwambie kwamba hiyo inaandikwa 3 mara 4. Wimbo uje baada ya hapo: mbili, kumi, tano, kisha tatu na nne.

Na mafumbo. Watoto wanafundishana kutafuta neno: wakiona "zaidi" wanajumlisha, wakiona "zilibaki" wanatoa. Mpe hili: *Juma ana embe 12. Ana embe 5 zaidi ya Neema. Neema ana embe ngapi?* Atasema 17. Mchoreeni kwa vijiti, mstari wa Juma juu, wa Neema chini, aone nani ana nyingi. Jibu 7.

Fedha ndiyo hesabu ya bure kuliko zote. Kabla hujamtuma dukani mwambie: kitu cha 350 na cha 400, unakwenda na 1,000, utaniletea chenji ngapi? Aseme 250 kabla hajavuka kizingiti. Aibebe kichwani, akirudi ahakiki kwa sarafu.

BabaPongwe

Kaka Hesabu, hilo la vipande vya karatasi limenikaa sana. Swali: saa. Mtoto anaona mshale mfupi kwenye 7, anasema saa saba. Ukimwambia ni saa moja anashangaa, na ana haki ya kushangaa. Anafundishwaje?

Hesabu_Kwanza

Mfundishe kutazama ng'ambo. Mshale mfupi ukiwa kwenye 7, avuke katikati ya saa moja kwa moja mpaka upande wa pili, atakuta 1. Saa moja. Ukiwa kwenye 9, ng'ambo ni 3, saa tatu. Kwenye 12, ng'ambo ni 6, saa sita. Inafanya kazi kwa namba zote. Chora saa kwenye sahani ya karatasi, toboa katikati, weka mishale miwili ya boksi yenye urefu tofauti.

Mshale mrefu hauvuki ng'ambo, huo unasomwa ulipo: kwenye 12 kamili, kwenye 3 na robo, kwenye 6 na nusu, kwenye 9 kasorobo. Hiyo kasorobo ndiyo itakayokusumbua. Mshale mfupi ukiwa kati ya 7 na 8, karibu zaidi na 8, na mrefu kwenye 9, atasema "saa moja kasorobo" kwa sababu mfupi umepita 7. Mwambie kasorobo inataja saa *inayokuja*. Inakuja saa mbili, bado robo. Saa mbili kasorobo.

Nesi_wa_Zamu

Naongezea afya, kwa sababu kuna watoto wanaitwa wazito darasani kumbe hawaoni ubao au hawasikii.

Macho: mtoto anayekunja uso kutazama mbali, anayelaza kichwa upande mmoja, anayeinamia daftari mpaka pua inakaribia kugusa, au anayenakili ubaoni kwa makosa lakini kitabuni anasoma vizuri. Nyumbani bandika ukutani herufi kama sentimita moja kwa urefu, asimame hatua nne hivi, azibe jicho moja kwa kiganja bila kulibana, kisha jingine. Mlinganishe na mwenzake wa umri huohuo. Jicho moja likiwa tofauti na jingine, usingoje. Mpeleke kliniki ya macho, hapa mjini tunayo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo. Na kabla ya majibu mwombe mwalimu amkalishe mbele.

Masikio: "nini?" kila unapomwita, kuongeza sauti ya redio, kuchanganya *b* na *p* au *t* na *d* kwenye imla. Usaha sikioni si jambo la kutia mafuta ya nazi. Anahitaji kuonwa na mtaalamu, na asipige mbizi baharini mpaka apone. Vijiti vya pamba visiingie ndani ya sikio, vinasukuma nta.

Meno: katika umri huu meno ya mbele yanadondoka, na kila mzazi anayaona. Wasichokiona ni magego manne mapya yanayoota nyuma kabisa kuanzia miaka sita, bila jino lolote kung'oka. Wanadhani ni ya utoto, yakitoboka wanasema "acha yatang'oka". Hayang'oki, hayo ni ya maisha. Mswaki mara mbili kwa siku, dawa ya meno yenye floraidi kiasi cha punje ya njegere, ateme. Mpaka miaka minane umalizie wewe kule nyuma, mkono wake haufiki.

Siku ya dawa za minyoo na kichocho shuleni, mtoto ale kwanza ashibe. Dawa ya kichocho ikimezwa tumbo tupu inaleta kichefuchefu na kizunguzungu, kisha mtaa mzima unasema dawa mbaya. Homa, hasa kipindi cha masika, apimwe malaria siku hiyohiyo, msibahatishe kwa dawa za dukani.

Usingizi: umri huu unahitaji saa 9 hadi 12. Anayeamshwa saa kumi na moja na nusu alfajiri awe amelala saa mbili na nusu usiku, na hapo ni saa tisa tu. Asubuhi ale kitu kinachokaa tumboni, uji wa karanga au muhogo na yai. Chai ya rangi na andazi moja hakumfikishi saa nne.

Na tafadhali, mishikaki kwenye bodaboda, watoto watatu wanne na mabegi yao. Pamoja na haraka zote za asubuhi, hapana.

BintiChumbageni

Shikamooni wakubwa. Mtoto anayeandika kwa mkono wa kushoto, bibi yake anamlazimisha wa kulia. Nani afuatwe?

Chaki_Nyeupe

Marahaba. Mwacheni aandike kwa kushoto. Ukimlazimisha anakuwa na mkono dhaifu, mwandiko unaharibika na anachukia kuandika. Bibi mwambieni kwa heshima kwamba kula na kusalimia atafundishwa kwa kulia kama desturi, kalamu iachwe. Mambo madogo yanamsaidia: daftari lilazwe, kona ya juu ya kushoto ipande, ili mkono usifute alichoandika. Ashike penseli juu kidogo, sentimita tatu hivi kutoka nchani, aone herufi. Darasani akae mwisho wa dawati upande wa kushoto, asigongane viwiko na mwenzake.

Kwa wote, kushoto na kulia: penseli ya HB iliyochongwa, si kipande cha kidole kimoja. Vidole vitatu, gumba na shahada vikishika, cha kati kikibeba kwa chini. Anayekandamiza mpaka karatasi inatoboka mpunguzie urefu wa kuandika, sentensi mbili nzuri zinatosha.

Mjumbe_Kamati

Upande wa haki na karatasi, kwa kifupi.

Shule za msingi za serikali hazina ada, na utaratibu wa elimu bila malipo unatumika tangu Januari 2016. Chakula au uji shuleni mnakubaliana wazazi kwenye mkutano, kiasi kinaandikwa kwenye muhtasari, unapolipa unadai stakabadhi. Mtoto harudishwi nyumbani kwa mchango. Nendeni mikutanoni. Anayekosa mkutano anakuja kubishana na mwalimu juu ya jambo ambalo wazazi wenzake wamelipitisha.

Kila mwanafunzi ana namba ya PREM, yaani namba yake ya utambulisho kwenye mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi. Iombe, iandike nyuma ya daftari la kliniki au mahali usipopoteza. Ukihama, tuseme kutoka Mikanjuni kwenda Muheza, uhamisho unapita kwenye mfumo huo kati ya walimu wakuu wawili. Usimbebe tu mtoto ukamwingiza shule mpya. Na angalia jina lililoandikwa shuleni lilingane herufi kwa herufi na cheti cha kuzaliwa. "Mwanahamisi" na "Mwanakhamisi" ni watu wawili kwenye karatasi. Kulirekebisha sasa ni rahisi, likishafika kwenye cheti cha mtihani ni safari ndefu.

Viboko: kanuni inasema visizidi vinne, apige mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, viandikwe kwenye kitabu maalumu, na msichana aadhibiwe na mwalimu wa kike pale alipo. Kumpiga mtoto kwa sababu hajui kusoma hakumo humo. Likitokea anza kwa mwalimu mkuu, kisha kamati, kisha afisa elimu kata. Jambo zito la ukatili, piga 116, huduma ya simu kwa mtoto, haitozwi.

MamaTwaha

Swali la mwisho kwangu. Tuisheni jioni, ina faida kwa la pili? Na mwalimu akiulizwa "anaendeleaje" anajibu "anaendelea vizuri", basi.

Chaki_Nyeupe

Tuisheni ya watoto arobaini chumba kimoja ni darasa jingine la siku ileile, shida aliyoiacha asubuhi anaikuta jioni. Kama una uwezo, afadhali mtu mmoja na watoto watatu wanne waliokwama pahali pamoja, nusu saa, mara tatu kwa wiki. Usipokuwa nao, dakika 15 za nyumbani na kadi za boksi zinatosha kwa wengi. Hata kaka au dada wa darasa la sita anaweza kusimamia.

Kuhusu mwalimu, darasa ni kubwa, swali la jumla linapata jibu la jumla. Nenda na karatasi yako: "Mwalimu, nyumbani anasoma maneno 22 kwa dakika, anakwama kwenye *mw* na *nd*. Darasani unaona hivyohivyo? Anakaa dawati la ngapi? Wiki hii niongeze silabi zipi?" Atafungua daftari lake la maendeleo akuonyeshe, kwa sababu umemuuliza kitu anachoweza kukijibu. Mwendee baada ya vipindi, si asubuhi watoto wakiwa mstarini.

Mpime mtoto mwisho wa Machi, mwisho wa Mei kabla ya likizo ya Juni, mwisho wa Agosti na katikati ya Oktoba, kila mara kwa habari mpya, na uandike tarehe na namba kwenye karatasi moja. Kama mwisho wa Mei bado hafiki maneno 20, macho na masikio yapimwe kwanza, kisha uombe shule imweke kwenye kikundi cha wanaorudia stadi. Kama anaongea vizuri, anasimulia vizuri, anahesabu vizuri, ila kusoma hakusogei miezi mitatu pamoja na juhudi zote hizo, mwombe mwalimu mkuu akuunganishe na afisa elimu maalumu wa halmashauri. Nenda na ile karatasi yenye tarehe na namba, na daftari lake la imla.

Nitaweka habari nyingine tatu za maneno 50 hapa chini jioni, moja kwa kila kipimo kilichobaki.

BabaPongwe

Tunazisubiri mwalimu. Ya pili iwe na *nyw* na *shw* nyingi, tafadhali.

Chaki_Nyeupe

Sawa kaka. Ya Mei nitaitilia *nywele, kinywa, kuoshwa* na *kurushwa*. Ile ya Machi ibaki bila hizo, bado ni mapema kwao.